Babu Mwenye Koo Mbili: Kuzielewa Riwaya za Wachina wa Mlima wa Dhahabu

Mwaka jana nilimwazima rafiki yangu riwaya ya kihistoria inayohusu familia ya Kichina iliyohamia California. Aliirudisha baada ya wiki mbili, na malalamiko juu. "Huyu mwandishi kajichanganya," alisema. "Babu sura ya kwanza ana jina hili la ukoo, sura ya tano ana jingine. Kijana mbele za watu anamwita mtu 'baba', wakibaki wawili jikoni anamwita 'mjomba'. Halafu kuna mtoto wa kiume ametajwa kwenye hati, lakini hakuna anayemlea, hali, haumwi, hakui." Nilimwambia mwandishi hakujichanganya hata kidogo. Yule mtoto asiyekula ndiye aliyeibeba hadithi nzima.

Riwaya za aina hii mara nyingi huandikwa na wajukuu na vitukuu wa waliosafiri. Wao mambo haya wameyasikia nyumbani vipandevipande, tena kwa kunong'ona, kwa hiyo hawaoni haja ya kuyaeleza. Sisi tulio mbali tunabaki tukihesabu majina. Nimeona nilifungue fundo hili, kwa sababu ukishalielewa riwaya zenyewe hubadilika mikononi mwako.

Tuanze na mahali. Karibu wote waliokwenda California karne ya 19 walitoka jimbo moja la kusini mwa China, Guangdong, na wengi wao walitoka wilaya nne tu zilizo magharibi ya delta ya Mto Lulu, hasa Taishan. Ni nchi ya vilima ambayo mpunga wake haukutosha mwaka mzima. Vita vya Afyuni vya 1839 hadi 1842, kati ya Uingereza na China, vilivuruga biashara ya jimbo zima, na kuanzia 1855 wenyeji na Wahakka, Wachina ambao mababu zao walihamia huko kutoka kaskazini, walipigana kwa zaidi ya miaka kumi, wakichomeana vijiji. Dhahabu ilipoonekana California mwezi Januari 1848, habari ilivuka bahari mpaka Hong Kong, na kwa Kikantoni, lugha ya jimbo hilo, nchi ile ikaitwa Gam Saan, Mlima wa Dhahabu. Dhahabu ilikwisha lakini jina halikufutika. Hadi leo kwa Kichina San Francisco huitwa Mlima wa Dhahabu wa Zamani.

Kuna neno hapa linalowapoteza wasomaji, nalo ni neno letu pia: kuli. Kwetu kuli ni mchukuzi wa bandarini, na Shafi Adam Shafi aliwapa heshima ya riwaya nzima makuli wa bandari ya Unguja waliogoma mwaka 1948. Neno hilohilo walibandikwa Wachina wote waliokwenda kufanya kazi ugenini, kana kwamba safari yao ilikuwa moja. Haikuwa moja. Kati ya 1847 na 1874 Wachina wapatao 125,000 walipelekwa Cuba kwa mikataba ya miaka minane. Pale Havana mkataba wa mtu uliuzwa na kununuliwa, naye akaishia kwenye mashamba ya miwa bega kwa bega na watumwa. Wengine walipelekwa Peru, wakawa wanachimba kinyesi cha ndege katika visiwa vya Chincha ili kiuzwe Ulaya kama mbolea. Huku barani kwetu, kati ya 1904 na 1910, Wachina zaidi ya 60,000 waliletwa kuchimba dhahabu Witwatersrand, Afrika Kusini, wakiishi kwenye kambi zenye uzio, kisha wakarudishwa kwao.

California ilikuwa jambo jingine. Wengi waliokwenda huko walikopa nauli, wakaenda, wakailipa kwa riba kutokana na kazi zao. Walikuwa na madeni, hawakuwa na bwana. Wanasiasa wa California walilijua hilo, lakini waliwaita kuli makusudi, kwa sababu ukishamwita mtu mtumwa unaweza kumfukuza huku ukijidai unapinga utumwa. Mwandishi makini wa riwaya hulichunga sana neno hilo, na mimi humpima hapo kabla ya kwingine.

Sehemu inayopendwa zaidi na waandishi ni ujenzi wa reli ya kuvuka Marekani, na si ajabu. Kuanzia 1865 kampuni ya Central Pacific iliajiri Wachina kwa maelfu ili ipenye milima ya Sierra Nevada, wakafika karibu asilimia 90 ya nguvukazi yake. Handaki kubwa la kileleni lina urefu wa mita 500 na ushei, lote ndani ya mwamba wa matale, na zilikuwepo siku ambazo mchana na usiku wa kazi havikuzalisha zaidi ya sentimita 30. Mtu alishika mtaimbo, wenzake wakaupiga nyundo mpaka tundu likapatikana, wakashindilia baruti, wakakimbia. Juu yao theluji iliporomoka na kufukia kambi nzima. Juni 1867 maelfu yao waliweka zana chini wakidai mshahara sawa na wa Wazungu na saa chache za kazi. Charles Crocker, aliyesimamia ujenzi, alikata chakula chao, na katika muda wa wiki moja hivi njaa ikawarudisha kazini. Reli iliunganishwa na ile iliyotoka mashariki huko Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869.

Sasa sikiliza hili. Katika vitabu vya mishahara vya kampuni, Wachina wengi hawakuandikwa majina. Liliandikwa jina la kiongozi wa kundi, na hesabu ya vichwa. Na katika maelfu yote yale ya watu waliokaa milimani miaka ile, baadhi yao wakijua kusoma na kuandika, watafiti waliotafuta Marekani na China hawajapata hata barua moja, wala shajara, iliyoandikwa na mfanyakazi wa reli ile. Tunajua uzito wa baruti waliyoichoma lakini hatujui alichokisema hata mmoja wao. Mwanahistoria mwenye adabu akifika hapo husimama. Kwa hiyo riwaya za reli hujaza ukimya.

Baadaye kidogo tatizo linageuka kinyume chake. Kwa vizazi vilivyofuata maneno yapo tele, maelfu kwa maelfu ya kurasa zilizopigwa chapa na kugongwa mihuri, na sehemu kubwa ya maneno hayo si ya kweli. Ndipo alipopotelea rafiki yangu.

Uongo ule ulizaliwa na sheria. Mwaka 1854 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu, na Mzungu aliyekuwa amehukumiwa kwa kumuua Mchina akaachiwa. Mwaka 1875 ikaja sheria iliyowazuia wanawake wa Kichina karibu wote kuingia, kwa kisingizio cha kuzuia ukahaba. Matokeo yake unayaona katika sensa ya 1880: kati ya Wachina 105,000 na kidogo waliokuwa Marekani, wanawake hawakufika 5,000. Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia saini sheria ya kuwapiga marufuku vibarua wa Kichina. Iliwekwa kwa miaka kumi, ikaongezwa, na mwaka 1904 ikafanywa ya kudumu. Kabla ya hapo, mwaka 1888, watu wapatao 20,000 waliokuwa wamekwenda kusalimia makwao wakiwa na vyeti halali vya kurudi waliamka na kukuta vyeti vile vimefutwa. Wengine walikuwa tayari melini, njiani kurudi.

Walioruhusiwa kuingia walikuwa wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, wanadiplomasia na wasafiri. Na kundi moja zaidi: raia. Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco, alizuiwa kuingia aliporudi kutoka China akaipeleka serikali mahakamani, na mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, hata kama wazazi wake hawawezi kuwa raia. Mtoto wa raia huyo, hata akizaliwa China, naye ni raia. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa mlango.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 San Francisco ikatikiswa na tetemeko la ardhi, na moto uliofuata ukawaka siku tatu. Uliteketeza mtaa wa Wachina, na pia hati za kuandikisha waliozaliwa zilizokuwa katika majengo ya jiji. Kuanzia siku hiyo, mtu akisema "nimezaliwa hapa, cheti changu kimeungua," nani angembishia?

Nitatoa mfano wa kubuni, kwa sababu jambo hili halieleweki bila mtu ndani yake. Chukua dobi mmoja wa San Francisco. Alizaliwa Taishan, lakini baada ya moto anaapa kwamba amezaliwa California, mashahidi wanamuunga mkono, anapata hati ya uraia. Mwaka 1908 anakwenda kijijini, anakaa na mkewe mwaka mzima. Akirudi afisa anamuuliza: umepata mtoto? Mkewe amejifungua binti. Dobi anajibu: mtoto wa kiume. Anaandikiwa. Anakwenda tena mwaka 1913, safari hii mkewe hashiki mimba. Akirudi anaulizwa tena, anajibu: mtoto wa kiume mwingine. Anaandikiwa. Sasa dobi ana wana wawili serikalini na hana hata mmoja duniani.

Nafasi hizo mbili zilikuwa mali. Zikiuzwa, bei iliyotajwa sana ilikuwa dola 100 kwa kila mwaka wa umri wa mtoto, maana yake kijana wa miaka 15 alilipa dola 1,500, deni la miaka mingi ya kupiga pasi na kuosha vyombo. Dobi wetu nafasi ya kwanza anampa mtoto wa dada yake. Ya pili anaiuza kwa jirani. Vijana wale wawili, mmoja mpwa na mwingine si ndugu, wanakuwa kaka na mdogo wake, watoto wa baba mmoja, wenye ukoo wa dobi. Hao ndio walioitwa watoto wa karatasi. Mpwa akija kuoa na kuzaa, watoto wake watachukua ukoo wa mjomba, na wajukuu hivyo hivyo. Na yule binti wa kweli wa dobi hawezi kuja Marekani kamwe, kwa sababu kwenye hati yeye ni mvulana, na mvulana huyo tayari yuko San Francisco anapiga pasi.

Serikali nayo haikulala. Tarehe 21 Januari 1910 ilifungua kituo kwenye kisiwa cha Angel, katikati ya ghuba ya San Francisco. Watu hupenda kukilinganisha na kile cha New York, kisiwa cha Ellis, na ulinganisho huo unapotosha. Ellis, Mzungu wa kawaida alipita kwa saa chache. Angel, Mchina alikaa wiki, mara nyingi miezi, na wapo waliokaribia miaka miwili. Alipofika alivuliwa nguo na kupimwa, akatakiwa kutoa hata choo chake kitafutwe minyoo, kisha akafungiwa katika bweni la vitanda vya chuma vya ghorofa tatu akisubiri kuitwa.

Akiitwa alikuta mezani maafisa, mpiga chapa na mkalimani. Maswali yalikuwa mamia, na kuyamaliza kuliweza kuchukua siku kadhaa. Nyumba yenu inatazama upande gani? Kuna ngazi ngapi mlangoni? Pipa la mchele linakaa wapi? Nani anaishi nyumba ya tatu, safu ya pili? Kisima kiko mbali gani? Bibi mzaa mama alikuwa na miguu iliyofungwa utotoni ili isikue? Mlikuwa na mbwa? Kisha baba akaitwa peke yake, akaulizwa yaleyale, na mpiga chapa akaweka majibu sambamba. Baba akisema ngazi tano na mtoto akisema nne, mtoto anarudishwa China, au anakata rufaa Washington na kuendelea kusubiri kitandani kwake.

Kwa hiyo kabla ya safari kijana alipewa daftari la kukariri. Lilikuwa na ukoo mzima, siku za kuzaliwa na kufa, ramani ya kijiji chenye nyumba zilizopangwa kwa safu. Alilikariri baharini kama mwanafunzi wa madrasa anavyohifadhi sura, na kabla ya kufika akalitupa majini. Likitokea swali lisilotarajiwa, wapishi wa kituo ambao nao walikuwa Wachina walibeba ujumbe kutoka mjini, na vijikaratasi vikaingia bwenini vimefichwa katika maganda ya karanga.

Jambo linaloniuma zaidi katika mkasa huu wote ni la mtoto halisi. Mtoto wa damu wa raia wa kweli naye alikuja na daftari. Hebu jiulize nyumba ya utotoni kwako ilikuwa na ngazi ngapi, sasa hivi, bila kufikiri. Kusema kweli hakukutosha, ilibidi ukweli wako ufanane na wa baba yako aliyeondoka kijijini miaka kumi iliyopita. Na kama baba huyo aliwahi kutangaza wana wa uongo, mtoto wa damu alilazimika kukariri siku za kuzaliwa za kaka zake wasiokuwepo. Wapo watoto wa karatasi waliopita kwa kuwa walikariri vizuri, na watoto wa kweli walioshindwa. Mwandishi wa riwaya akilipata hilo, hahitaji dhoruba wala jambazi ili msomaji ashike roho mkononi.

Waliosubiri waliandika mashairi kwenye kuta za bweni, kwa wino na penseli. Wakuu wa kituo wakapaka rangi. Wakaanza kuyachonga kwa kisu kwenye mbao. Wakuu wakaziba herufi kwa puti na kupaka rangi tena, na puti hiyo ndiyo iliyokuja kuzilinda mbao zisioze. Ni tungo za jadi za Kichina, za maneno matano au saba kwa mstari, zenye vina na mpangilio wa sauti, na yeyote aliyelelewa na vina na mizani ataelewa kwa nini mtu aliyenyang'anywa kila kitu hukimbilia umbo lisiloruhusu silabi kuzidi. Wanalia nyumbani, wanalaani jengo, wanawakumbuka mashujaa wa kale waliodhalilishwa kabla ya kushinda. Wengi hawakuweka majina. Mwaka 1940 jengo la utawala liliungua na kituo kikafungwa, na bweni likasubiri kubomolewa hadi 1970, askari wa hifadhi aitwaye Alexander Weiss alipoingia na tochi na kuuona ukuta. Zaidi ya mashairi 200 yamekusanywa.

Mashairi yale ni hazina kwa sababu ya kile kinachosemwa bila kiapo. Mezani kijana alisema aliyoyakariri. Ukutani alisema yake. Mwandishi wa riwaya anafanya kazi katikati ya sehemu hizo mbili, na msomaji akijua hilo ataona kwa nini vitabu vingi vya aina hii vina sauti mbili, moja kavu kama jalada la ofisi na nyingine ya ndani. Watu hudhani ni pambo la kisanaa. Mimi naona ndivyo watu wale walivyoishi.

Marufuku ilifutwa Desemba 1943, China ikiwa mshirika wa Marekani vitani, na nafasi zilizotolewa kwa Wachina zilikuwa 105 kwa mwaka. Uongo haukuweza kufutwa kwa kalamu moja. Mwaka 1956, hofu ya ukomunisti ikiwa imepamba moto, serikali ilianzisha mpango wa kukiri: sema jina lako la kweli, huenda ukarekebishiwa hadhi. Katika miaka kumi hivi karibu watu 14,000 walikiri. Lakini kukiri kwako kulimfichua baba yako wa karatasi, kaka zako wa karatasi na watoto wao wote, watakao na wasiotaka. Familia ziligombana, nyingine zikachagua kunyamaza mpaka kaburini. Waliokiri, baadhi walirudia ukoo wa babu zao, wengine wakabaki na ule wa karatasi kwa kuwa watoto walikuwa wameshasoma na kuoa wakiutumia. Ndiyo sababu leo unaweza kukuta ndugu wa tumbo moja wenye koo tofauti, na mawe ya makaburi yenye jina moja kwa Kiingereza na jingine kwa Kichina.

Majalada ya mahojiano yamehifadhiwa, mengi yakiwa San Bruno, kusini mwa San Francisco. Mjukuu huenda pale, akaomba faili la babu, akafunguliwa kurasa ambazo babu anaeleza kwa ufasaha kijiji ambacho hakuwahi kuishi, na picha yake akiwa kijana imegongwa muhuri pembeni. Kurasa ni za kweli, muhuri ni wa kweli, uso ni wake. Mjukuu akitaka kuandika kuhusu mtu yule, ukweli wa hati hautamfikisha, na akiitupa hati atakuwa ametupa kitu pekee alichonacho. Kwa hiyo anaandika riwaya. Nikisikia mtu akiuliza kama riwaya hizi ni "historia ya kweli", humuuliza kwanza anamaanisha historia ya nani, ya mpiga chapa au ya kijana.

Uangalie na wakati unaposoma. Mjenzi wa reli wa 1867 na mfungwa wa kisiwa cha Angel wa 1922 wametenganishwa na miaka zaidi ya hamsini. Yule wa kwanza aliingia nchini bila hati, huyu wa pili aliishi ndani ya hati. Kitabu kikiwachanganya katika kizazi kimoja, hapo mwandishi kweli amejichanganya.

Rafiki yangu amekiazima tena kitabu kile. Safari hii ameanza kwa kuchora mti wa ukoo nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, miti miwili kwa hakika: mmoja wa damu, mwingine wa hati. Mtoto asiyekula amemweka kwenye mti wa hati, juu kabisa, akamzungushia duara. Mkabala naye, upande wa damu, ameacha nafasi bila jina, kwa sababu hajafika sura itakayomwambia kama kulikuwa na binti.